Shingo Mbili za Babu Benedikto

Maneno arobaini tu ndiyo niliyoombwa kuandika, na yakanishinda. Mpaka leo nyuma ya pakiti zetu pameandikwa "Nyama safi kutoka Morogoro" na tarehe, basi. Anayetaka zaidi ya hapo akale samaki.

Ilikuwa Desemba ya mwaka 1994. Duka moja kubwa la Dar es Salaam lilikubali kuuza nyama yetu ya mbuzi, kilo moja moja, ndani ya plastiki iliyofyonzwa hewa. Mwenye duka alikuwa na sharti moja. Rafu zake siku hizo zilijaa vitu vya kutoka nje, na kila kopo lilikuwa na picha ya babu fulani mwenye ndevu na hadithi ya jinsi alivyoanza biashara yake. Wateja wanapenda, alisema. Basi na sisi tuweke historia ya familia yetu, isizidi maneno arobaini. Baba akanigeukia mimi, Josephina, binti yake wa kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Katika familia ya wauza nyama, mwenye mwandiko mzuri anabebeshwa kila kitu kinachoandikwa, kuanzia vibandiko hadi barua za rambirambi.

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Baba yangu, Gervas, na mama yangu, Kristina, wote ni watu wa Mgeta, huko juu milimani. Walifunga ndoa mwaka 1970, wakashuka mjini, baba akapata kazi machinjioni. Miaka ile ya foleni walifuga mbuzi wachache nyuma ya nyumba na kunyamaza kimya. Ruksa ya kufanya biashara ilipokuja, wakafungua bucha. Waafrika Kusini waliokuwa uhamishoni Mazimbu walipoanza kurudi kwao, mmoja akatuuzia friji la kulala, refu kiasi kwamba mtu mzima angeweza kujinyoosha ndani. Mwaka huo wa 1994 tukanunua mashine ya kuvuta hewa, ya mtumba, iliyonguruma na kufyonza kama mzee anayekunywa chai ya moto. Mashine hiyo nilipewa mimi. Kuchinja kulikuwa kwa Rehani, Mwislamu mwenye subira nyingi, kwa sababu nusu ya wateja wetu hawali nyama iliyochinjwa na mtu mwingine. Kukata kulikuwa kwa baba, na kusafisha na kupima kwa mama.

Hayo yote ni zaidi ya maneno arobaini, najua. Nilitaka kuyapunguza, ndipo nikaona nianze na chanzo: nani aliwafundisha wazee wangu kazi hii?

"Andika Mjomba Benedikto," baba alisema bila kuinua kichwa. Alikuwa ananoa kisu. "Kaka yake mama yangu. Ndiye aliyenilea na kunifundisha kuchuna mbuzi bila kutoboa ngozi."

Huyo nilimjua. Sisi watoto tulimwita Babu Benedikto, alikaa peke yake Mgeta, na kila mwaka mpya alituteremshia nyama iliyokaushwa kwa moshi. Ilikuwa ndiyo nyama pekee ambayo familia ya wauza nyama iliisubiri kwa hamu. Nikaandika. Kisha nikamfuata mama kwenye ndoo zake, nikamuuliza niandike nini kuhusu watu wake, maana katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona ndugu yake hata mmoja.

"Andika kwamba niliozwa na mjomba wangu," mama alisema.

"Anaitwa nani?"

"Si unamjua? Benedikto."

Nikacheka kidogo nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Hapa lazima nieleze kitu kwa msomaji asiye wa milima yetu. Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Lukolo lako, yaani ukoo wako, ni la mama yako, na mjomba wako, kaka yake mama, ndiye mwenye kauli juu yako kuliko hata baba aliyekuzaa. Watu wawili wenye mjomba mmoja ni wa lukolo moja. Na watu wa lukolo moja ni kaka na dada, hawaoani. Huo ni mwiko, na si mwiko wa kufanyiwa mzaha. Sasa mimi nimesimama uani na kalamu mkononi, baba anasema Benedikto ni mjomba wake, mama anasema Benedikto ni mjomba wake.

"Mama, atakuwaje mjomba wa wote wawili?"

"Shughulikia vibandiko vyako," akasema. "Nyama inapata joto."

Nikarudi kwa baba. "Baba, mama naye anasema Benedikto ni mjomba wake."

"Ni kweli," baba akasema.

"Kwa hiyo si wako?"

"Ni wangu."

"Haiwezekani!"

"Muulize mama yako," akasema, akaendelea kunoa kisu ambacho tayari kilikuwa kinanyoa.

Nilikasirika sana. Mimi ni mtu wa kupenda kila kitu kikae kwenye sanduku lake na kibandiko juu, na hawa wawili walikuwa wananiona mtoto mdogo. Lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu, na sioni aibu kusema. Kama wale wawili ni kaka na dada, mimi ni nini?

Siku iliyofuata, Alhamisi, Rehani alichinja mbuzi wa Krismasi. Kwa desturi ya nyumba yetu, shingo ya mbuzi wa sikukuu ni ya mjomba. Huli wewe, huuzi, unampelekea. Nilijua desturi hiyo kwa kuisikia tu, maana miaka yote wazee wangu walifunga mizigo yao wenyewe kwa mikono yao, mama kwa majani ya mgomba na baba kwa karatasi ya kaki, nami sikuwahi kuangalia nani anafunga nini. Mwaka huo walikuwa na mashine, na mashine ilikuwa na mimi. Nilipoingia chumba cha kufungashia nikakuta juu ya meza shingo mbili zimelazwa, kila moja na kikaratasi. Kimoja kwa mwandiko wa baba, kimoja kwa mwandiko wa mama. Vyote viwili vimeandikwa: Mjomba Benedikto, Mgeta.

Nilivitazama vikaratasi vile kwa muda mrefu. Kisha nikasema moyoni, haya, mmekataa kunieleza, na mimi nitafanya kwa akili yangu. Mjomba mmoja, pakiti moja. Nikazitia shingo zote mbili katika mfuko mmoja mkubwa, nikavuta hewa, nikabandika kibandiko kimoja kizuri, "Babu Benedikto, Mgeta, 22 Desemba 1994", na vile vikaratasi nikavitupa kwenye ndoo ya mifupa. Ijumaa mzigo ukapanda na Mosi, dereva wa lori lililoteremsha kabichi na karoti na kurudi juu likiwa tupu. Nakiri kwamba nilijisikia vizuri.

Krismasi ikapita. Nilikaa kanisani katikati yao wawili nikawa nawaangalia pua. Zilikuwa pua tofauti kabisa, nikapata nafuu, kisha nikakumbuka kwamba lukolo halikai puani. Jumatano, tarehe ishirini na nane, nikamwambia mama nakwenda Mgeta kumuuliza Babu historia ya kuandika kwenye pakiti. Nilitegemea angenikatalia. Akanitazama, akasema, "Msalimie. Na nyama atakayokupa, ulete usiiache kwa watu," akaenda zake.

Lori la Mosi lilipita Mlali, likaanza kupanda zile kona ambazo kila moja inakufanya utubu dhambi fulani. Aliponishusha nikaendelea kwa miguu, njia nyembamba katikati ya matuta ya njegere, upande mmoja mlima na upande mwingine hewa tupu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa. Nilikuwa nimevaa viatu vya mjini na nilijichukia.

Babu Benedikto alikuwa ameketi mlangoni na blanketi mabegani. Macho yake yalikuwa meupe kwa ukungu wa uzee, aliona kivuli cha mtu lakini si sura.

"Shikamoo, Babu. Ni Josephina wa Gervas."

"Marahaba, mke wangu! Umekuja. Nilijua lazima aje mtu." Akanishika mkono, mkono wake ulikuwa mwepesi sana. "Ni nani aliyefunga mzigo mwaka huu?"

"Mimi, Babu. Kwa mashine. Uliupenda?"

Akaniingiza jikoni, akaelekeza kidole juu ya moto. Kwenye dari ya miti, ndani ya moshi, shingo mbili zilikuwa zinaning'inia kwa kamba, nyeusi, zimefanana kama mapacha. Hakuwa ameonja hata moja. Chini, pembeni mwa mafiga, palikuwa na sufuria ya maharage yaliyoganda.

"Babu, Krismasi ulikula nini?"

"Hayo."

"Na nyama?"

"Ningekulaje?" akasema, na kwa mara ya kwanza nikasikia hasira katika sauti yake. "Miaka ishirini na nne napapasa. Jani ni la Kristina, karatasi ni ya Gervas. Mwaka huu napapasa, mfuko mmoja, laini kama samaki, ndani shingo mbili. Nikamwambia Mosi anisomee, akasema limeandikwa jina langu tu. Jina langu nalijua! Keti. Unajua ulichofanya?"

Nikasema sijui. Nikamwambia ukweli wote: kwamba nimeombwa maneno arobaini, kwamba baba anasema hivi na mama hivi, kwamba wiki nzima silali vizuri kwa kuwaza kwamba nimezaliwa na kaka na dada. Nilianza kwa kusema, nikamalizia kwa kulia. Yeye akaniacha nilie, akasukuma kuni ndani.

"Mama yako hana watu," akasema.

Alinieleza taratibu. Mama aliletwa misheni akiwa na miaka kama miwili, mgongoni mwa mwanamke aliyekuwa akipita na mzigo. Yule mwanamke alikuwa na homa. Alifariki siku ya tatu na hakusema jina wala kwao, wala hakuna aliyekuja kuuliza. Masista wakamlea mtoto na kumpa jina la Kristina. Alikua msichana mzuri, mchapakazi, na Gervas akampenda. Siku ya maneno ya posa wazee wakakaa ndani ya nyumba hii hii, upande wa mume huku, upande wa mke kule. Upande wa mke alikaa sista mmoja na rozari yake.

"Wazee wakauliza, binti ni wa nani? Mjomba wake yuko wapi, tuzungumze naye? Kimya. Msichana asiye na mjomba, nani atamwoza? Akipigwa atakimbilia wapi? Watoto wake watakuwa wa lukolo gani? Wakaanza kukusanya fimbo zao waondoke. Na Gervas, niliyemlea tangu akiwa hivi, analia kama unavyolia wewe. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa mume, nafasi yangu, mjomba wa Gervas. Sipendi kelele. Nikainuka. Nikatoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka nyumba, kulikuwa na tope, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikakaa upande wa mke karibu na sista. Nikasema, mimi ndiye mjomba wake, semeni."

Nilimwona kabisa, bado ana nguvu wakati huo, miguu ina tope.

"Walicheka?"

"Walicheka. Halafu wakaacha. Mzee mmoja akasema, Benedikto, huwezi kukaa vigoda viwili. Ukiwa mjomba wa binti na mjomba wa kijana, hawa ni kaka na dada, na hakuna ndoa. Chagua. Nikasema nimeshachagua, si mmeniona nimezunguka? Wakasema basi, uliyetoka kwa mlango ule usirudi kwa mlango ule. Gervas si wako, na lukolo letu si lako. Wewe na huyo binti anzeni la kwenu." Akacheka kidogo. "Lukolo la watu wawili. Kwenye vikao vyao mimi nakaa nje kwenye jiwe tangu siku hiyo. Sasa wewe na Geofrey mdogo wako mmezaliwa, tumekuwa wanne. Tunaongezeka."

"Lakini baba bado anakuletea shingo."

"Ni mbishi. Mwaka wa kwanza alileta, nikamrudishia. Mwaka wa pili akaleta. Nikaona nisimwaibishe, naikausha kwa moshi, namteremshia mama yako, mnakula mwaka mpya. Ya mama yako naila mimi. Unaelewa sasa? Shingo ninayoila ndiyo inayosema mimi ni mjomba wa nani. Nikila zote mbili, wazazi wako ni kaka na dada, na maneno yote ya siku ile ni bure. Nisipokula hata moja, nimemkataa mama yako, hana mtu tena. Wewe umenifungia zote katika mfuko mmoja."

Nilitaka ardhi inimeze. Nyama yetu ya mwaka mpya, ile niliyoisubiri tangu utotoni, ilikuwa ni shingo ya baba mwenyewe iliyopanda mlima na kushuka.

"Ila hapana tatizo," Babu akasema, akajifuta macho kwa kona ya blanketi. "Wewe ndiye uliyefunga. Macho unayo. Nionyeshe ya mama yako."

Nikainuka, nikasogea chini ya dari, nikazitazama. Nilijaribu kukumbuka meza, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kikaratasi kipi kilikuwa juu ya ipi. Sikukumbuka chochote. Nilikumbuka tu jinsi nilivyojisikia vizuri. Nilijua ningepaswa kusema, Babu, sijui. Lakini alikuwa na siku sita anakula maharage akiwa na nyama juu ya kichwa chake, na amenigeuzia yale macho meupe kwa imani kabisa, na nikisema sijui hatakula, na asipokula mama hana mtu.

"Hii," nikasema. Nikagusa ya kulia.

Tuliichemsha tangu saa nne mpaka saa nane. Alikula polepole, kwa ufizi, maana meno yalikwisha. Kipande cha kwanza alikitafuna kwa muda mrefu mno, akaacha kutafuna, akakitoa kidogo kukipapasa kwa vidole, akakirudisha.

"Mwaka huu ngumu," akasema.

"Ni moshi, Babu. Imekaa siku nyingi."

Akanielekezea uso kwa kitambo. Akasema, "Huenda," akaimeza. Akala yote, akalamba vidole, akanishukuru. Ile nyingine akaifunga kwa jani la mgomba, akanipa niteremke nayo.

Njiani nilijiambia kwamba nilikuwa na nafasi sawa ya kupatia na kukosea, na kwamba watu hupatia kila siku. Nilijiambia hivyo Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Kwa baba sikusema, kwa mama sikusema. Nilikaa mbele ya karatasi ya maneno arobaini, nikaandika "Familia yetu" nikakwama hapo hapo.

Jumapili, siku ya mwaka mpya, tulitoka misa ya kwanza. Mama akavua kitenge cha kanisani, akakaa kwenye kigoda jikoni, akafungua jani. Mimi nilikuwa namenya vitunguu. Akaishika ile shingo, akapitisha kidole gumba juu yake, toka kichwani kuelekea mabegani, kama anavyofanya kwa nyama yoyote. Kidole kikasimama. Akakirudisha, akakipitisha tena.

"Josephina. Hii alikupa yeye kwa mkono wake?"

Nikaweka kisu chini.

"Haina ukano," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Ule ukano mweupe wa shingoni. Babu hana meno tangu ukiwa darasa la kwanza. Kwenye shingo yake naufumua wote kabla ya kufunga. Baba yako hafumui. Hii ni yangu."

Basi nikasema yote, mfuko mmoja, vikaratasi kwenye ndoo, kidole changu kugusa ya kulia, na jinsi alivyotafuna na kusema ngumu. Nilipofika hapo mama akafumba macho.

"Alijua," akasema. "Alipoionja alijua. Angefanya nini, aiteme mbele yako?"

Kumbe baba alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisikia kuanzia wapi. Aliingia, akaichukua shingo mkononi mwa mama, akaigeuza, akairudisha kwenye jani kwa upole.

"Kwa hiyo mwaka huu kala yangu," akasema. Na naapa, kwa dakika moja uso wake ulifurahi. Baba yangu ni mtu mzima mwenye mvi, lakini dakika ile alikuwa kijana ambaye mjomba wake amerudi. Kisha akamwona mama alivyokaa, na furaha ikaondoka.

"Ulijua kwamba ile tunayokula mwaka mpya ni yako?" nikamuuliza.

"Nyama niliyoikata mwenyewe nisiijue? Kila mwaka najua."

"Sasa kwa nini unapeleka?"

"Alinitoa mimi ili nimpate huyu," baba akasema. "Ningeachaje kumpelekea? Na yeye angekulaje? Kwa hiyo napeleka, anarudisha. Tumekubaliana hivyo bila kusema."

Mimi nilikuwa sielewi nicheke au nilie. Watu watatu wazima, miaka ishirini na nne, nyama inapanda na kushuka na hakuna anayefungua mdomo, halafu mimi ndiye niliyekosea kwa sababu sikuambiwa. Nilitaka kusema hivyo kwa sauti kubwa. Lakini mama hakuwa anatusikiliza.

"Nikimpelekea nyingine leo," akasema taratibu, "atakuwa amekula ya kwako na ya kwangu. Tutakuwa kaka na dada, Gervas. Nisipompelekea, sina mtu."

Baba akatembea jikoni, hatua tatu kwenda, tatu kurudi. Kisha akatoka, akarudi na muhuri wa tarehe kutoka chumba cha kufungashia, ule wa mpira tuliolazimika kununua kwa ajili ya duka la Dar. Akauweka mezani mbele yangu.

"Pakiti aliyokula imepigwa tarehe gani?"

"Ishirini na mbili Desemba, tisini na nne."

"Ya mwaka jana," baba akasema. "Mwaka jana umekwisha. Mwaka jana alikuwa wangu, haya, tumekosea, nimeonja. Leo ni mwaka mwingine. Mwaka huu ni wa mama yako kama kawaida, na mimi sitapeleka. Hajala mbili. Kala moja mwaka ule na atakula moja mwaka huu. Zungusha hizo namba, Josephina."

Sikujua kama hayo ni maneno ya maana au ni ujanja wa bucha. Mpaka leo sijui. Wazee wa Mgeta wangemcheka, au labda wangekubali, maana waliwahi kukubali mtu azunguke nyumba kwa tope akawa mtu mwingine. Nilizungusha zile namba ndogo za mpira mpaka zikasimama pale alipotaka. Baba alikwenda kumwita Rehani, ambaye alikuja akiuliza kwa nini Wakristo wanachinja siku ya mapumziko, hakujibiwa, akachinja.

Mama aliifumua shingo ile mwenyewe, akavuta ukano wote, mweupe, mrefu, akauweka pembeni. Akakataa mashine. Akaifunga kwa majani ya mgomba kama zamani, na juu ya jani nikabandika kibandiko changu: 1 Januari 1995. Akaniambia niongeze jina la anayepeleka. Nikaandika Kristina.

Baba alikuwa anaosha kisu kwenye karai. Mama akiwa anakaza kamba ya mgomba, akamwita bila kugeuka.

"Gervas."

"Naam."

"Tangu Jumatano mpaka leo, mimi nilikuwa wa nani?"

Baba aliacha kuosha. Alifungua mdomo, nikadhani atasema wangu, maana ndivyo mume yeyote angesema. Hakusema. Alijua alichoulizwa hakikuwa hicho.

"Sijui, Kristina," akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa, akakaza fundo. Akaniambia nikimbie kwa Mosi, nimwambie kesho amwekee nafasi mbele karibu naye. Mzigo huu hautapanda peke yake. Mama mwenyewe ataupeleka kwa mkono wake, ataupika yeye, na hatainuka mbele ya yule mzee mpaka aone amemaliza kula.